UZI: Unakwenda Dubai, Maskati au umra? Namna ya kumuona chui wa Kiarabu, na cha kuangalia katika kituo chochote cha paka wakubwa

Fundi_wa_Safari (Mwanakwerekwe)

Assalaam aleikum wanajamvi.

Likizo za skuli zikikaribia, suala huwa ni lile lile: watoto wapelekwe wapi wakamuone chui wa kweli? Jibu la haraka ni Bara, na ni jibu zuri. Lakini watu wetu wengi kila mwaka wanapanda ndege hapo Kisauni kwenda Dubai kuchukua mzigo, Maskati kwa jamaa, au umra. Wanapita karibu kabisa na chui mdogo wa umbo, kama alivyokuwa yule wa Unguja tuliyempoteza sisi, wanarudi na mabegi ya mablanketi bila hata kujua kuwa yupo.

Chui wa Kiarabu ni mdogo. Dume ana kilo 30 hivi, jike kilo 20. Dume la chui wa Bara linafika kilo 60 na kupita. Waliobaki porini hawafiki 200, wengi wao wakiwa katika milima ya Dhofar kusini mwa Oman na huko Yemen. Yuko kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kuhesabiwa ametoweka porini.

Chui wa Unguja naye alikuwa mdogo kuliko wa Bara, na madoa yake yalikuwa yamevunjikavunjika kuwa vidoa vidogo badala ya yale maua makubwa. Aliandikwa rasmi na Pocock mwaka 1932, akapewa jina la Aders, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe wa serikali hapa Zanzibar. Ni Aders huyo huyo ambaye jina lake la kitaalamu limo kwa paa nunga wetu. Paa nunga bado tunaye. Chui hatunaye.

Kwa hiyo uzi huu ni wa vitendo: wapi pa kwenda, wapi pasipo na mlango wa wageni, na ukifika uangalie nini. Naanza na mahali pepesi kufika.

Sharjah. Nje ya mji, kwenye barabara ya Al Dhaid, takriban kilomita 28, pana Sharjah Desert Park. Ndani yake mna sehemu kadhaa, na unayoitaka inaitwa Arabia's Wildlife Centre, iliyofunguliwa mwaka 1999. Pembeni yake kuna kituo cha kuzalishia wanyama wa Bara Arabu walio hatarini. Hicho hakifunguliwi kwa wageni, na msikasirike mkizuiwa getini, sababu nitazieleza. Kile cha wageni ndicho chenye chui, duma, fisi, mbwa mwitu na nyani.

Mpangilio wake ni kinyume na tulivyozoea. Mgeni ndiye anayekaa ndani, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na mnyama yuko nje kwenye ua wake mpana. Mnatazamana kupitia kioo. Watoto hawachoki na jua, na mnyama hazongwi.

Mambo matatu yanayoharibu safari hii:

Kwanza teksi. Pale ni jangwani. Ukishushwa ukamlipa dereva akaondoka, kurudi ni tabu. Patana naye bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, kabla hujaingia garini.

Pili siku. Kituo kina siku yake ya kufunga kila wiki, na saa hubadilika Ramadhani. Piga simu mapokezi jana yake, usitegemee karatasi ya hotelini.

Tatu wakati wa mwaka na saa. Paka wakubwa hulala sehemu kubwa ya mchana. Julai na Agosti utaona mkia tu chini ya kivuli. Nenda kati ya Disemba na Februari, na uwe mlangoni wanapofungua, au ubaki mpaka jioni kabla hawajafunga. Saa 7 mchana ni saa mbaya kuliko zote.

Wenye utaalamu karibuni muongeze.

---

Bint_Shangani

Ahsante sana mleta uzi. Kwa upande wa picha, nawaongezea wapiga picha, maana vioo vinawashinda wengi.

Kinachoharibu picha ya kwenye kioo ni wewe mwenyewe unayeonekana ndani ya kioo. Nguo nyeupe ndiyo adui. Baba aliyevaa kanzu akisimama mita moja nyuma ya kamera, picha yote inakuwa na ukungu mweupe. Mama mwenye buibui jeusi ndiye ukuta bora kabisa. Mwambie asimame nyuma yako, atandaze ukaya wake pembeni ya kamera upande unaotoka mwanga, na kioo kitakuwa kama hakipo.

Gusisha mdomo wa lenzi kwenye kioo, uwe umenyooka nacho. Ukiinamisha kamera, kioo kinene kinapinda sura ya mnyama na madoa yanakuwa kama yamelowa maji. Kwa simu, kata kipande cha mpira mweusi wa kandambili chenye tundu la ukubwa wa lenzi, ukibane baina ya simu na kioo. Kinaziba mwanga na hakikwaruzi kitu.

Zima flashi. Kioo kinairudisha kwako, na mnyama anakerwa bure. Na msigonge kioo. Wakigonga watu 50 kwa siku, chui anajifunza kukaa kona ya mbali, na wa 51 anakuta ua mtupu.

---

Dokta_Mifugo_CC (Chake Chake)

Uzi mzuri. Mimi niongeze namna ya kumsoma mnyama mwenyewe, kwa sababu kituo kinaweza kuwa na bango zuri na mnyama mgonjwa.

Anza na miguu ya mbele ya wadogo. Paka mkubwa anayekua anahitaji mifupa katika chakula chake. Nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 zaidi ya kalsiamu, ilhali mwili unataka kalsiamu izidi kidogo. Ikiwa haipatikani kwenye chakula, mwili unaichota kwenye mifupa yake wenyewe. Kijana wa simba au chui aliyelishwa minofu kwa miezi anakuwa na miguu ya mbele iliyopinda kwa nje, anatembea kama anaogopa kukanyaga, anakataa kuruka, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kuchupa tu kutoka kwenye benchi. Mlishaji atakwambia "tunampa nyama safi isiyo na mafuta", na anasema kweli kwa nia njema kabisa. Hiyo nyama safi ndiyo inayomvunja.

Dawa yake ni mnyama mzima: sungura, kuku mwenye mifupa yake, mbuzi aliyekatwa na mbavu zake. Penye ulazima wa minofu, huongezwa unga wa kalsiamu kabonati, gramu 5 hadi 10 kwa kila kilo moja ya nyama, upakwe ushikane, si kumwagwa juu ukabaki kwenye sahani.

Ini nalo ni lazima lakini kidogo. Paka hawezi kutengeneza vitamini A kutokana na mboga kama sisi, anaipata kwenye ini. Likizidi, mifupa ya shingo inaota na kushikana. Na moyo wa ng'ombe usidharauliwe: una taurini, ambayo paka akiikosa macho yanaharibika na moyo unalegea. Nyama ikichemshwa na maji yakamwagwa, taurini nyingi imekwenda na maji.

Kiasi: jike la chui wa Kiarabu la kilo 20 linatosheka na kilo 1 hivi ya nyama kwa siku. Duma mzima, kilo 1 na nusu hadi 2. Dume la simba, kilo 5 hadi 7 kwa wastani. Vituo vingi huwa na siku moja ya kufunga kwa wiki, kwa sababu porini hawali kila siku. Kwa hiyo mtoto akiuliza "mbona leo hajapewa", si kwamba ameonewa.

Kitu cha pili: ardhi. Usimtazame chui tu, tazama anapokanyaga. Ukiona kinjia kilichochimbika kando ya uzio, kimenyooka, kimelainika kama njia ya ng'ombe kwenda kisimani, na majani hayaoti kabisa, basi huyo anakwenda na kurudi hapo kwa masaa. Akifika mwisho anageuza kichwa upande ule ule, anaweka mguu pale pale. Hiyo ni akili iliyochoka. Dakika 10 kabla ya kulishwa ni kawaida, wengi hufanya hivyo wakimsikia mlishaji. Mchana kutwa si kawaida.

---

Kijana_wa_Jambiani

Dokta ahsante, somo limeingia. Suala langu: mbona kituo cha kuzalishia kinafungwa kwa wageni? Watu tungelipa kiingilio na wao wangepata fedha za chakula.

---

Dokta_Mifugo_CC

Jike la chui likizaa na likahisi halina usalama, huhamisha watoto kwa mdomo mara nyingi mpaka wanakufa, au huwala. Harufu ngeni, kelele, hata gari jipya nje ya ukuta inaweza kutosha. Ndiyo maana kizimba cha kuzalia kina sanduku la giza lenye kamera ndani, na mlishaji mmoja yule yule kila siku. Mimba ni siku 90 hadi 105. Kabla ya hapo kuna kazi ya kuwakutanisha: dume na jike huwekwa vizimba jirani vyenye wavu baina yao kwa wiki kadhaa, wanusane, wazoeane, na mlango hufunguliwa tu jike likiwa kwenye joto na likijisugua kwenye wavu. Ukifungua mapema, dume linaweza kuliua jike chini ya dakika moja, na umeua sehemu ya aina nzima ya mnyama.

Tena hawakutanishwi ovyo. Kuna daftari la nasaba, kila chui na baba na mama yake na babu zake, na dume huweza kusafirishwa kutoka nchi moja mpaka nyingine ili wasizaane ndugu. Kundi la kwanza la kuzalishia lilianza Oman kwa chui waliokamatwa Jabal Samhan mwaka 1985. Wazee waanzilishi ni wachache, ndiyo maana daftari hilo ni la thamani kuliko uzio.

---

Maalim_Makunduchi

Wa aleikumu salaam Fundi, na ahsante Dokta.

Naomba tusipite haraka kwenye habari ya chui wetu, maana vijana wengi humu hawaijui vizuri. Unguja ilikuwa imeungana na Bara wakati bahari ilipokuwa chini, zama za barafu. Maji yalipopanda, chui wakabaki huku na wakapungua umbo. Pemba haikuwa na chui kwa sababu mkondo wake ni wa kina kirefu na ilijitenga zamani zaidi.

Hapa mtu hakumuogopa chui kwa sababu ya mbuzi peke yake. Iliaminiwa kwamba wako chui wanaofugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja ile kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao, iliyoongozwa na mganga maarufu Kitanzi. Chui wakauliwa vijiji vingi vya kusini na mashariki. Misitu nayo ilikuwa inakatwa, na paa wanawindwa kwa nyama. Mnyama mmoja hakuweza kuhimili yote matatu.

Waliobaki ni wa kuonekana makumbushoni. Aliyekaushwa ni wa jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja, na ngozi nyingine ziko London na Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Anayetaka kumpeleka mwanafunzi Mnazi Mmoja aulize kwanza kama chumba chake kiko wazi. Mwambieni mtoto atazame madoa ya ubavuni, si uso. Uso umekaushwa na mtu, lakini madoa ni yake mwenyewe.

---

Mchaka_Mchaka99

Maalim samahani, si alionekana msitu wa Jozani 2018 kwenye kamera?

---

Maalim_Makunduchi

Mwanangu, mwaka 2018 timu ya televisheni ilitoa kipande kifupi cha video na kusema ni chui wa Unguja. Hakijathibitishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2003, zilitegwa kamera Jozani na hazikumpata chui hata mmoja. Na wataalamu waliopanga upya aina za paka mwaka 2017 walimhesabu pamoja na chui wa Afrika, hawakumpa aina yake peke yake. Hilo halimpunguzii chochote. Alikuwa wa kisiwa hiki.

---

Fundi_wa_Safari

Maalim umeniwahi, na Mchaka umefungua mlango wa jambo linalojirudia: "nimeona nyayo za chui shamba". Ukiona nyayo, usizifute wala usizichore kwa kijiti. Weka rula ya skuli pembeni yake, simama wima, piga picha kutoka juu kabisa, kisha nyingine jua likiwa chini, maana kivuli ndicho kinachoonesha kina. Unyayo wa chui una upana wa sentimita 7 hadi 9, hauna alama za kucha kwa sababu anazificha, na kisigino chake kwa nyuma kina vifundo vitatu. Mbwa anaacha kucha, na vidole vyake viwili vya kati vinatangulia sawasawa. Nyayo nyingi zinazoletwa ni za mbwa aliyekimbia kwenye tope, kucha zimezama na tope limejifunga.

Nyayo ndogo za mviringo bila kucha, sentimita 3 au 4, ni paka shume.

---

Mlinzi_wa_Msitu

Hapo kwenye kamera za kutega naomba niongeze, kwa vikundi vya vijiji vinavyotaka kuanza. Makosa ni yale yale kila mahali.

Kamera hufungwa kwenye mti, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita 3 au 4 kutoka katikati ya njia. Ziwe mbili zinazotazamana, lakini zipishane kidogo zisipigane mwanga. Mbili kwa sababu madoa ya ubavu wa kulia si sawa na ya kushoto, na bila pande zote mbili huwezi kujua kama ni mnyama mmoja au wawili. Isielekee mashariki wala magharibi, jua likichomoza itapiga picha 500 za mwanga mtupu. Majani ya mbele yakatwe mpaka chini. Jani moja la mgomba likipepea linamaliza kadi kwa siku mbili.

Misitu yetu ya matumbawe ina unyevu wa chumvi. Weka pakiti za kukausha ndani ya sanduku na uzibadilishe kila ukienda. Betri za kawaida zinakufa haraka kwenye unyevu, za lithiamu zinadumu. Na siafu hupenda ule ujoto wa ndani. Paka grisi kidogo kwenye kamba ya kufungia, usiiguse lenzi.

Na weka saa sahihi kabla ya kuondoka. Picha bila saa ya kweli haina kazi.

---

Umm_Khalid

Shukran kwa nyote. Sisi tunakwenda umra na watoto. Nimesikia Taif kuna chui wa Kiarabu. Je, tunaweza kupitia siku moja?

---

Fundi_wa_Safari

Bi Umm Khalid, Mola awatakabalie. Chui wako Taif kweli, kwenye kituo cha utafiti cha wanyamapori, na tangu 2020 wanasimamiwa na Tume ya Kifalme ya AlUla, kwa nia ya kuwarudisha porini siku moja. Lakini hakuna mlango wa tiketi. Ni kituo cha kuzalishia, na sababu ni zile alizozitaja Dokta. Msiwape watoto ahadi njiani mkafika mkagonga ukuta. Kama ndege yenu ya kurudi inapita Imarati na mna masaa ya kutosha, Sharjah ndiyo njia.

Na kwa wa Maskati: Jabal Samhan ni hifadhi tangu 1997, iko juu ya Mirbat, upande wa Salalah. Huko chui haoneshwi. Waliomo ni wachache na eneo ni mabonde makali, wenyewe walinzi wanamuona kwenye kamera. Unachokwenda kuona ni makazi yake: ukingo wa mlima unaoshuka kama umekatwa kwa msumeno, miti ya ubani, na pimbi wa mawe ambao ndio chakula chake, pamoja na mbuzi mwitu. Kipindi cha kharif, Juni hadi Septemba, ukungu unafunika mteremko unaoelekea bahari na huoni mita 20 mbele. Nenda Oktoba au Novemba, uende na gari ya kupanda mlima na mtu anayejua njia.

Kule wafugaji wa ngamia na mbuzi walikuwa wakitega na kutia sumu kwenye mzoga. Sumu haichagui, inamuua chui, fisi na tai pamoja.

---

Kijana_wa_Jambiani

Na hizi sehemu za kupiga picha na mtoto wa simba au kumpa maziwa ya chupa? Ziko nchi nyingi na zote zinajiita vituo vya uhifadhi.

---

Dokta_Mifugo_CC

Kijana, hapa nitakaza sauti kidogo.

Mtoto wa simba anayeshikwa na wageni ameondolewa kwa mama yake akiwa na siku au wiki chache. Anafaa kushikwa mpaka miezi 3 au 4 hivi. Baada ya hapo kucha zinaumiza, na lazima aje mwingine, kwa hiyo jike linazalishwa mfululizo bila kupumzika. Waliokua wanakwenda wapi? Porini hawawezi, hawajui kuwinda na hawamuogopi binadamu, simba wa namna hiyo atakwenda moja kwa moja kijijini. Afrika Kusini wengi wao waliishia kwenye uwindaji wa ndani ya uzio na kwenye biashara ya mifupa. Hakuna uhifadhi hapo hata chembe.

Watoto wa duma nao husafirishwa kimagendo kutoka Pembe ya Afrika kuvuka bahari kwenda Bara Arabu kufugwa majumbani. Wengi hufa njiani kwa kukosa maji na kwa kulishwa vibaya. Duma waliobaki porini duniani kote ni takriban 7,000 tu. Imarati ilipiga marufuku watu binafsi kufuga wanyama hatari kwa sheria ya mwaka 2016. Ukioneshwa duma kwenye kiti cha gari huko, usipige picha naye wala usiisambaze, maana picha hizo ndizo zinazopandisha bei.

Alama za kituo cha kweli: huruhusiwi kugusa, mlishaji haingii kizimbani na mnyama ndani, milango ni miwili miwili, wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa kwa kufuli, na ukiuliza "mnyama huyu alitoka wapi na atakwenda wapi" unajibiwa bila kubabaishwa. Uzio wa chui lazima uwe na paa au wavu wa juu, kwa sababu anapanda. Duma hapandi vizuri, ua ulio wazi juu unamtosha.

---

Mlinzi_wa_Msitu

Dokta, na chanjo? Wengine wanadhani mnyama pori haumwi.

---

Dokta_Mifugo_CC

Anaumwa, tena hata maradhi ya mbwa wetu. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti ukaua takriban theluthi ya simba, kama 1,000. Ndipo ilipoanza kazi ya kuwachanja mbwa wa vijiji jirani. Kwenye vituo, paka wakubwa hawapewi chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa kama ile ya mbwa, inaweza kuwaletea ugonjwa wenyewe. Hupewa iliyouliwa au ya kutengenezwa maabara. Ukiona madimbwi ya dawa ya kukanyaga mlangoni, kanyaga vizuri, usiruke. Na kama nyumbani una mbwa au paka mgonjwa, badilisha viatu kabla ya kwenda.

---

Bint_Shangani

Kuna anayejua Namibia? Mtandaoni wanapasifu sana kwa duma.

---

Fundi_wa_Safari

Bi Shangani, ni Otjiwarongo, Cheetah Conservation Fund, iliyoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990. Kutoka huku ni mbali na gharama ni kubwa, lakini wageni wanaruhusiwa. Kikubwa cha kujifunza pale ni mbwa. Tangu 1994 wanawapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, wanaokuzwa na mbuzi tangu wadogo. Mbwa akibweka duma anaondoka, mfugaji hapotezi mbuzi, hana haja ya bunduki. Pia vichaka vya miiba vilivyozidi, vinavyomuumiza duma macho akikimbia, wanavikata na kuvifanya kuni za kubana. Ukienda, omba kuona zizi la mbuzi kabla ya kuona duma.

Na jambo la forodha kwa wote: msinunue ukucha, jino wala kipande cha ngozi popote, hata wakikwambieni ni cha zamani. Chui na duma wako kwenye daraja la kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bila kibali mnashikwa uwanja wa ndege.

---

Mwalimu_Wete

Nashukuru, nimesoma wote tangu juu. Tunataka kupeleka wanafunzi 12 Sharjah likizo ya Disemba, inshaallah. Tunaomba kazi ya kuwapa pale, wasiishie kupiga picha tu.

---

Dokta_Mifugo_CC

Mwalimu, wagawe wawili wawili. Mmoja ashike saa, mwingine karatasi. Wachague chui mmoja, wakae kimya mbali kidogo na kioo. Kila baada ya sekunde 30 mwenye saa aseme "sasa", na mwenye karatasi aandike herufi moja: L kalala, K kakaa, T anatembea, N ananusa au kuweka alama, C anacheza au kukwaruza gogo, J hajaonekana. Dakika 20 ni alama 40. Kisha wabadilishane.

T zikizidi nusu, waandike anapogeukia, na kama ni pale pale. J zikiwa nyingi msiandike kuwa hamkuona kitu. Mnyama anayeweza kujificha akitaka, ua wake umejengwa na mtu anayejua kazi. Waandike pia saa, joto, na idadi ya watu waliosimama kwenye kioo.

Wakimaliza, wamuombe mlishaji awaambie chui huyo alikula nini jana na kiasi gani, waweke kwenye karatasi hiyo hiyo. Karatasi 6 za siku moja, zilinganishwe usiku hotelini wangali wanakumbuka. Mkirudi Wete, zibandikeni humu, mimi nitazisoma moja moja.